Mwangaluka ya Mchana

Jumapili, 3 Desemba 2023

Majilio yameanza. Padri alikuja kigangoni kwetu leo akatuagiza kila mmoja atende tendo moja la upendo kila siku hadi Noeli. Alisema liwe tendo dogo la nyumbani, lisilohitaji harambee wala kipaza sauti. Mimi ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana, na mwenyekiti hawezi kubaki nyuma ya waumini wake, kwa hiyo nimechukua daftari aliloliacha binti yangu Serafina kabla hajaolewa Nyasubi, niyaandike matendo yangu humu. Najua Mungu anayaona. Lakini si vibaya naye akikumbushwa.

Tendo la leo: nimempa Mayu Limi chumvi. Ni jirani yangu, mama mzee ndiyo maana tunamwita mayu, ua wa minyaa tu ndio unaotutenga. Ni mjane, watoto wake wote wametangulia. Macho yake ni mekundu kwa moshi, maana wachimbaji wameikata miti yote kwa ajili ya matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za mashimo yao, na yeye anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Kila asubuhi hupaza sauti juu ya minyaa, kwa salamu yetu ya Kisukuma ya kuamkia: "Mwangaluka, Mama Serafina!" Kwa umri wake angestahili kungoja asalimiwe, lakini hangoji. Husalimia hata wenye pikipiki wanaopita mbio bila kumsikia. Mume wangu Sostenes husema bibi huyo ametuokolea gharama ya kufuga jogoo.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua. Tendo: sikumjibu Sostenes vibaya, na sababu ya kumjibu vibaya nilikuwa nayo.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua. Nimefagia kigango peke yangu. Hakuna aliyeniona, na jambo hilo limenisumbua kuliko nilivyotegemea.

Jumanne, 12 Desemba

Mvua hii si ya kawaida. Mahindi yamesimama ndani ya maji, na mchana kuna ukungu kama wa alfajiri.

Leo Mayu Limi amefanya kituko. Mbuzi wake alipotea machimboni, kule kwenye maduara, mashimo marefu ambayo vijana wetu huyachimba kutafuta dhahabu. Akamfuata. Huko akaona ardhi imepasuka ufa mrefu, nao ufa umeelekea kwenye duara la Davis na Mabula. Basi bibi wa watu akaenda hadi mdomoni mwa duara, mahali ambapo mwanamke hasogei, akawaambia: "Wanangu, msishuke leo. Ardhi inafunguka."

Mabula alikasirika, akamwambia amewatia nuksi na dhahabu itawakimbia. Davis yeye ni mtu wa utani. Alimjibu, "Mayu, ikifunguka si ndiyo tunachokitaka?" Wote wakacheka. Nami nilipohadithiwa bombani nilicheka.

Tendo: nimempelekea Nelly, mke wa Davis, unga wa uji wa mtoto wake Blessing.

Ijumaa, 15 Desemba

Davis amefukiwa.

Asubuhi mvua ilikatika, wakashuka. Yaani alishuka Davis, Mabula akabaki juu kuvuta ndoo. Mabula anasema hakusikia kishindo. Anasema ardhi ilikaa tu, kama mtu mzima anavyojishusha kwenye kiti, na kamba ikalegea mkononi mwake. Tulikimbia sote. Wanaume walichimba hadi jioni, lakini kila ndoo ya kifusi waliyoitoa, mbili ziliporomoka. Mwishoni Sostenes, ambaye ni kamanda wa sungusungu wa kitongoji chetu, aliamuru watoke kabla shimo halijawameza na wao. Nelly alilala kifudifudi juu ya udongo, akaliweka sikio chini. Tukamwinua kwa nguvu. Akawa anatuambia, "Nyamazeni, nyamazeni kidogo," nasi hatukunyamaza kwa sababu tulikuwa tunalia.

Wakati tunarudi ndipo Mabula aliposema. Alikuwa mwekundu wa udongo mwili mzima, meno tu ndiyo meupe. Alisema, "Yule bibi alijuaje?"

Niliona swali lile likipita kutoka uso hadi uso.

Jumapili, 17 Desemba

Baada ya ibada kulikuwa na dagashida, mkutano wa sungusungu wa kitongoji kizima. Mume wangu alisimama katikati. Mimi nimeishi naye ujana wote na utu uzima, nilidhani naijua sauti yake.

"Limi amejitenga na watu, na watu wamejitenga naye. Asisalimiwe. Asiitikiwe. Asipewe moto. Asichote maji bombani. Atakayemwitikia, naye ni kama yeye."

Mayu Limi alisimama na kanga yake ya kanisani. "Baba Serafina, mimi niliona ufa. Mtu akiona ufa afanyeje?"

Kimya. Nilikuwa nangoja mtu amjibu, ndipo nikaelewa kwamba amri imeshaanza. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, na kila alipotufikia tulitazama miguu yetu. Wengine wananong'ona kwamba Davis hakufa, amechukuliwa msukule, anamlimia bibi mashamba ambayo hayaonekani.

Nyumbani nilimwambia Sostenes, "Baba Serafina, yule ni jirani yetu." Akasema, "Wengine walitaka kumkatakata na mapanga. Nimempa kimya. Kimya hakiui." Huenda alidhani amemtendea huruma. Nami nilikubali, maana niliogopa.

Tendo: hakuna.

Jumatatu, 18 Desemba

"Mwangaluka, Mama Serafina!"

Nilikuwa nafagia. Ulimi ulishanyanyuka kuitika. Nikauma kanga.

Alhamisi, 21 Desemba

Ameita tena, kama kila siku. Sikuitika. Kinachonitisha si sauti yake. Ni kwamba baada ya kuita hunyamaza kiasi kile kile cha mtu kuitika, kisha huendelea na kazi zake kana kwamba nimemjibu.

Jumatatu, 25 Desemba. Noeli

Kigango kilijaa, vijana wamerudi hadi wa Isaka. Mayu Limi alikuja, akakaa benchi la tatu. Waliokuwa wamekaa pale wakahama, na benchi zima likabaki yeye na mkoba wake. Tuliimba. Padri hakuwa na habari, na mimi mwenyekiti sikumpa.

Tulipofika kwenye amani, padri akasema, "Mpeane amani." Mayu Limi akanyoosha mkono kulia. Hapakuwa na mtu. Akageuka nyuma akaunyoosha, na waliokuwa nyuma wakaanza kupeana amani wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu sana, kama watu wanaogombea kitu. Mkono ulibaki hewani. Kisha, Mungu wangu, niliona vidole vyake vikifumba polepole na mkono ukatikisika kidogo juu na chini, jinsi mtu anavyofanya akiwa ameshikana mkono na mwingine. Akatabasamu, akakaa.

Sikula pilau. Nimemwambia Sostenes tumbo linaniuma.

Jumatano, 27 Desemba

Nimeona haya mbele ya daftari hili. Asubuhi nilichukua kaa la moto nikaliweka juu ya kigae, nikalitia chini ya minyaa upande wake, pamoja na kidumu cha maji. Sikusema neno. Sostenes alikuwa lindoni.

Mchana kaa halikuwepo, na juu ya kigae kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vyake vya kukausha, vimefunikwa na jani.

Jumamosi, 30 Desemba

Kaa limeenda. Michembe imekuja. Hatujasema kitu.

Jumatano, 3 Januari 2024

Mvua.

Jumamosi, 6 Januari

Watu wanashangaa jinsi moshi unavyotoka kwa Limi wakati hakuna aliyempa moto. "Anapewa na wasioonekana," amesema mmoja bombani. Wote wakajikunyata. Mimi, asiyeonekana mwenyewe, nikajikunyata pamoja nao.

Jumatatu, 8 Januari

Bomba limetiwa kufuli na funguo zinazunguka nyumba kwa nyumba. Mayu Limi sasa anateka maji machimboni, kwenye mashimo ya zamani yaliyojaa mvua. Nimemwona akipita na ndoo kichwani, mguu mmoja mbele ya mwingine, akijaribu ardhi kama anayevuka mto. Kidumu changu kimoja hakimtoshi, na zaidi ya hapo Sostenes atajua.

Alhamisi, 11 Januari

Sala ya jumuiya huzunguka kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa zamu ya Mayu Limi. Katekista Pantaleo alinijia mapema, akawa anazungusha kofia mikononi. "Mwenyekiti, tunaendaje?"

"Tutapita kwenda kwa Nelly," nikasema. "Mfiwa anatuhitaji zaidi."

Lilikuwa jibu zuri, na kila mtu alifurahi kulipata. Tulipopita mbele ya mlango wa Mayu Limi niliona ametandika mkeka na kuweka msalaba na mshumaa juu ya kigoda. Alikuwa mlangoni. Alitusalimia kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na watoto. Tulipita tukiimba ili tusisikie.

Kwa Nelly tulisoma habari ya mtu aliyeangukia wanyang'anyi njiani, na waliompita. Pantaleo alisoma upesi upesi. Nilipoombwa kama mwenyekiti nitoe tafakari, nikasema koo linanisumbua.

Jumanne, 16 Januari

Mvua siku nzima. Kaa limechukuliwa.

Ijumaa, 19 Januari

"Mwangaluka, Mama Serafina!" Leo sauti ilikuwa na kikohozi. Nilisimama nyuma ya minyaa, karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua. Nadhani naye alinisikia.

Jumatatu, 22 Januari

Jambo limetokea.

Wanawake waliokwenda machimboni kuchuma mlenda wamerudi mbio, mmoja ameacha ndala zake huko. Wanasema ardhi imewasalimia. Si kulia wala kuomboleza, wanasema ni salamu: "Mwangaluka." Na ilikuwa mchana, jua la utosi, wakati wa watu kuambiana mwadila. Mtu aliye hai hawezi kukosea hilo. Ni wafu tu wasiojua saa.

Kitongoji chote kimefunga milango. Mabula amekaa uani kwake. Anasema ni Davis, ametumwa na Limi kuja kumchukua. Nelly alitaka kwenda wakamzuia. Sote tulifundishwa tangu utotoni: ukiitwa na sauti usiyemwona mwenyewe, usiitike, ukiitika umekwenda.

Jumanne, 23 Januari

Kaa langu la jana bado lipo chini ya minyaa. Limekuwa jivu, na jivu lina umbo la kaa. Nimeligusa likaanguka.

Nimejiambia labda amekimbia usiku, amekwenda kwa watu wake. Nimejiambia ni afadhali. Asubuhi hakuna aliyeita juu ya ua, na kimya kile tulichokipitisha mkutanoni ndio kwanza nimekisikia kilivyo. Kuku wake wameingia uani kwangu, wamesimama wananitazama.

Watoto waliokuwa wanachunga wamesikia tena machimboni. "Mwangaluka." Saa tisa alasiri.

Jumatano, 24 Januari

Nitaandika yote.

Asubuhi nilikwenda mlangoni kwa Mayu Limi. Sikupiga hodi, nilisukuma tu. Msalaba ulikuwa bado juu ya kigoda na mkeka umetandikwa, tangu ile Alhamisi. Alikuwa anatungoja bado. Ndoo haikuwepo. Ndipo nilipoelewa. Mtu anayekimbia hachukui ndoo ya maji akaacha msalaba.

Nilipata ujasiri mchana, nikaenda machimboni peke yangu. Nitasema kweli: niliogopa hadi nikajikojolea kidogo, mimi mwenyekiti. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya vifusi, na maturubai ya wachimbaji yalikuwa yanapigapiga bila upepo wa kuonekana. Nilipita duara lililomfukia Davis. Mbele yake, kwenye mashimo ya zamani, nikasimama.

"Mwangaluka."

Ilitoka chini ya miguu yangu. Haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanaume, ilikuwa sauti iliyobaki baada ya sauti kwisha. Nywele zilinisimama. Ukungu ulitawanyika kidogo, jua lilikuwa juu ya kichwa, nikaona kivuli changu kimejikunja miguuni kama nacho kinataka kujificha. Nilijua ninachotakiwa kufanya, ni kugeuka na kukimbia bila kutazama nyuma. Na kama ni Mayu Limi? Na kama siye? Nikaukumbuka ule mkono wa Noeli, ulivyotikisika hewani peke yake. Nikasema moyoni, Bwana, kama ni mfu, basi na amsalimie mtu anayemwitikia angalau mara moja.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

Maji yalidondoka mahali fulani ndani.

"Nani wewe?"

"Mama Serafina."

Kisha ile sauti ikasema, "Mbona leo umechelewa kuamka?"

Nililala kifudifudi nikalia. Alikuwa ameteleza akiteka maji, shimo lina ukingo kama kitanda upande mmoja, na amekaa hapo, maji yakiwa chini yake kidogo tu. Sikuweza kumfikia. Nikamwambia ngoja. "Ningoje nini kingine?" akasema.

Nikapiga yowe. Hiyo ni sheria ya sungusungu yenyewe: yowe likisikika, kila mwenye miguu aje, na asiyekuja huadhibiwa na mume wangu. Walikuja na virungu na mikuki, wakitaka kujua mwizi yuko wapi. Nikawaonyesha shimo. Walipoelewa ni nani aliye ndani walisimama kama miti. Sostenes alinitazama.

"Umeitika," akasema.

"Nimeitika."

Hakuna aliyesogea. Mvua ikaanza tena, nyembamba. Naapa nilisikia udongo ukidondoka mle ndani vipande vidogo vidogo. Kisha ikaja kutoka chini, imechoka, haimlengi mtu yeyote: "Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," akaitika Mabula.

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imemtoka mwenyewe. Mama yake alimlea hivyo, sote tulilelewa hivyo, mkubwa akisalimia kinywa hakingoji ruhusa ya kichwa. Alisimama macho yamemtoka, akingoja afe. Hakufa. Baadaye akashusha mikono, akasema kwa hasira, sijui alimkasirikia nani, "Basi nimeshaitika. Leteni kamba."

Kamba ndefu ilikuwa moja, ya Davis, ipo nyumbani kwa Nelly. Nelly alikuwa nyuma ya watu, mtoto mgongoni. Aligeuka akaondoka, na wengine wakanong'ona, mnaona, hawezi. Alirudi nayo begani, imemwelemea. Akamkabidhi Mabula, kisha yeye mwenyewe akashika ncha ya nyuma.

Tulimvuta. Wanaume wakawa wanapokezana kumwita ili asilale kwenye kamba: "Mayu Limi! Mayu, upo?" "Nipo." Kila aliyemwita alijua anavunja amri, na walivyoivunja walizidi kupaza sauti. Sostenes hakuvuta, hakuzuia. Alitupa mgongo akatazama ukungu.

Ijumaa, 26 Januari

Mabula alimpeleka Mayu Limi zahanati kwa pikipiki, na bibi amerudi mguu umefungwa. Amelala chumba cha Serafina, kwetu.

Sostenes haongei nami. Ameitii amri yake mwenyewe ndani ya nyumba yake. Nampa ugali, anakula. Namsalimia, anatazama mlango. Sasa najua. Ni kama kuzikwa huku unapika.

Jumapili, 28 Januari

Leo nilikuwa namkanda mguu, Nelly amekaa mlangoni na Blessing. Nikamuuliza Mayu Limi kitu kilichokuwa kinanikaa rohoni. "Mayu, mbona hukupiga kelele? Kwa nini salamu?"

"Nilipiga kelele," akasema. "Nilipiga hadi koo likakauka. Hamkuja. Nikanyamaza, nikamwomba Mungu anichukue. Ndipo nikasalimiwa."

"Ukasalimiwa na nani?"

"Mwanaume. Alisema mwangaluka. Nikaitika. Akakaa kimya, halafu akasalimia tena. Salamu haiachwi chini, Mama Serafina. Kila aliponisalimia niliitika, usiku na mchana, nisingejua saa mle."

Mikono yangu ilisimama juu ya mguu wake. Nikamwambia labda ni mwangwi wa sauti yako mwenyewe.

"Mwangwi hukufuata," akasema. "Huyu alinitangulia."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Nelly aliinuka akaja akapiga magoti karibu na kitanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema na Mayu Limi tangu msiba. "Mayu. Ilitoka upande gani?"

Mayu Limi alinyoosha mkono. "Ukuta wa kushoto. Kwenye udongo mweupe."

Alhamisi, 1 Februari

Mabula na wenzake wamechimba ukuta wa kushoto kuanzia mle shimoni, kwa matimba mapya. Nyuma ya udongo mweupe kulikuwa na njia ya zamani ya chini inayokwenda hadi kwenye duara lao. Davis alikuwamo. Amekaa, uso wake umeelekea ukuta ule.

Sikumwona. Mabula ndiye aliyesema, na hataki kuulizwa zaidi.

Jumamosi, 3 Februari

Tumemzika Davis, na jua limewaka kutwa nzima kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mayu Limi aliletwa kwa kiti. Nelly alimshika mkono muda wote wa ibada. Hakuna tena anayesema msukule. Mimi sijui la kusema na nimeamua kutosema. Alikufa siku ile ile au alikaa kule akitungoja, Mungu ndiye ajuaye, na wazo hilo likinijia naacha kazi naomba.

Sostenes alichimba kaburi tangu asubuhi bila kupokezwa. Hakumsalimia mtu.

Jumatano, 7 Februari

Sostenes alikwenda machimboni peke yake mchana. Amerudi na tope hadi magotini, amekaa kimya kuliko kimya chake. Nilimwekea maji ya kuoga. Hakuniuliza kitu. Lakini aliniangalia, na alikuwa na macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. "Kumbuka u mavumbi." Huku kwetu mwaka huu hakuna anayehitaji kukumbushwa.

Mayu Limi amerudi nyumbani kwake. Nimempelekea kaa la moto kwa kupita mlangoni.

Alhamisi, 15 Februari

Leo jumuiya ilikuwa kwa Mayu Limi. Nilitangaza mwenyewe kanisani, nikaongeza kwamba zamu yake niliiruka mimi, si Pantaleo, na kwamba anayetaka kunitenga anitenge. Mkeka ni ule ule, msalaba ni ule ule. Nilidhani tutakuwa wachache. Walikuja hadi wasiotoshea ndani, Mabula akakaa kizingitini. Nelly alileta chai. Mayu Limi alikuwa kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele, akisalimia kila aliyeingia kwa jina, na kila mtu aliitika kwa sauti kubwa mno, kama watu wanaolipia.

Tulikuwa katikati ya wimbo nilipomwona Sostenes. Alisimama nje ya minyaa, kofia mkononi, rungu la ukamanda hakuwa nalo. Nilishindwa kuendelea kuimba, wengine wakaona ninapotazama, na wimbo ukafa mmoja mmoja.

Mayu Limi alinyoosha shingo. Macho yake mekundu hayaoni mbali siku hizi.

"Ni nani pale?" Kisha akamtambua kwa usimamaji wake. "Mwadila, Baba Serafina."

Kimya. Nilikijua kile kimya, nilikipika na kukila wiki hizi zote. Nilisikia Mabula akivuta pumzi akaibana. Jua lilikuwa linateremka, kuku wanaingia bandani, na mume wangu alikuwa anafungua mdomo na kuufumba kama mtu anayejifunza lugha.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hata watoto wanajua saa ile haisemwi hivyo. Lakini sote tulielewa ni asubuhi zipi alizokuwa anaziitikia.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema Mayu Limi. "Pita ndani, chai inapoa."

Akapita. Alipofika kwangu alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Serafina, umeshindaje?" Nikamwambia nimeshinda salama. Tukaendelea na wimbo pale tulipouacha.

Tendo la leo si langu. Nimeliandika hivyo hivyo.